Kulipa Madeni Huku Tukiweka Akiba ya Kuhamia Nyumba Yetu: Somo kwa Familia na Kamati za Parokia



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya jambo ambalo kamati nyingi za parokia katika nyanda za kati hukutana nalo. Mume na mke wanataka kuhama kwenye vyumba vya kupanga waende kwenye nyumba yao wenyewe, lakini wote wawili wana madeni. Swali wanaloleta ni lilelile: tulipe madeni kwanza, au tuweke akiba ya nyumba kwanza?

Jibu la somo hili ni kwamba yote mawili yanaweza kwenda pamoja, ila si kwa uzito sawa. Deni linalokula fedha nyingi kila mwezi lipewe nguvu kubwa. Akiba ipewe kiasi kidogo, lakini bila kuruka mwezi hata mmoja. Na wote wawili waione hesabu yote. Somo linaweza kufundishwa katika jumuiya au kikundi kwa mikutano miwili. Maswali ya majadiliano yapo mwishoni.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA DODOMA

Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kazi hiyo ilipangwa kuchukua miaka 10. Fedha hazikutosha, miaka ikapita. Uhamaji wenyewe ulishika kasi mwaka 2016. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017, na Rais Oktoba 2019. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji hilo. Hata Serikali, kwa hiyo, ilijifunza kuwa kuhama ni jambo la fedha kabla ya kuwa jambo la mizigo.

Kila anayekuja anahitaji mahali pa kulala. Maeneo kama Nala, Ihumwa, Mtumba na Iyumbu, ambayo wazee wanayakumbuka kwa mashamba na vichaka, yamepimwa viwanja. Kwa familia ya kipato kidogo mabadiliko haya yana pande mbili. Muuza nyanya wa Soko la Majengo na mama lishe wa karibu na stendi wamepata wateja zaidi. Wakati huohuo kodi ya pango imepanda, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wapo wanaokopa ili walipe kodi hiyo, na kodi ya mwaka unaofuata huwakuta bado wanarejesha mkopo wa mwaka uliopita. Ndiyo sababu hamu ya kuhamia kwao ni kubwa.

Aidha, wakopeshaji wameongezeka. Wananchi wameipa baadhi ya mikopo jina la "kausha damu". Mikopo hiyo hutolewa haraka na bila maswali mengi, marejesho yake huwa ya kila siku au kila wiki, na dhamana yake ni kadi ya benki, cherehani, jokofu au godoro. Mingine huja kwa njia ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wapo akina mama wanaokopa bila waume zao kujua, na wapo akina baba ambao mishahara yao imekwisha kukatwa bila wake zao kujua. Siri hufichuka siku vyombo vinapobebwa majirani wakiangalia. Siku hiyo ndoa yenyewe huingia majaribuni, na mpango wa nyumba husahaulika.

2. HATUA YA KWANZA: KUANDIKA MADENI YOTE

Mume na mke wakae pamoja na daftari moja. Kila deni liandikwe kwa mambo matano: tunadaiwa na nani, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, tarehe ya kulipa, na dhamana iliyowekwa. Mara nyingi watu huandika mikopo ya fedha tu, wakasahau mengine. Ni vema orodha iwe na haya yafuatayo:

- mkopo wa mtu binafsi, kampuni au simu;
- mkopo wa kikundi, yaani VICOBA au SACCOS;
- makato ya mshahara;
- daftari la duka la mtaani;
- deni la ndugu au rafiki;
- karo na michango ya shule;
- mkopo wa mtu mwingine ambao mmoja wetu ameudhamini;
- ahadi za michango ya harusi, misiba, na hata ujenzi wa kanisa.

Hili la mwisho tusilionee haya. Ahadi iliyotolewa mbele ya watu ni deni, na wapo wanaokopa kwa riba ili waitimize. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kinachoahidiwa siku ya furaha mara nyingi hulipwa siku ya shida.

Kikao cha kwanza kiwe cha kuandika tu. Asiwepo wa kuuliza "kwa nini ulikopa?" siku hiyo, maana swali hilo humfanya mwenzako afiche deni moja au mawili, na hesabu yote inakuwa ya uongo. Kama wanandoa wanaogopa kuanza peke yao, wawaombe wasimamizi wao wa ndoa wakae nao. Hiyo ni sehemu ya kazi ya wasimamizi, na haikuisha siku ya sherehe.

Kwa walioajiriwa, waangalie hati ya mshahara pamoja. Kanuni ya makato ya mishahara inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Mtu aliyefika kwenye kikomo hicho asitafute njia ya kukipita kwa kukopa nje.

3. HATUA YA PILI: KUPANGA MADENI KWA GHARAMA YAKE

Watu wengi hulipa kwanza yule anayepiga kelele zaidi, au yule wanayemwonea aibu. Mpangilio ulio bora ni kuuliza: deni lipi linatugharimu zaidi kila mwezi linapobaki bila kulipwa? Deni la kaka lisilo na riba haliongezeki. Linaumiza moyo, lakini linaweza kusubiri kama kaka ameelezwa ukweli na kupewa tarehe. Mkopo wa asilimia 20 kwa mwezi hausubiri.

Ni vema ikaeleweka kuwa sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha, hata akiwa mtu mmoja, awe na leseni. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani makampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea akiba za wananchi, husimamiwa na Benki Kuu. Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao yake hapa Dodoma, na vikundi vidogo husajiliwa kupitia halmashauri. Mkopo wa sh. 300,000 kwa asilimia 3.5 unazaa riba ya sh. 10,500 kwa mwezi. Mkopo huohuo kwa asilimia 20 unazaa sh. 60,000.

Kabla ya kulipa, mdaiwa aulize mambo matatu. Je, mkopeshaji ana leseni? Je, ninaweza kupata nakala ya mkataba? Je, nikilipa zaidi ya riba, deni la msingi linapungua? Swali la tatu ndilo kubwa. Kuna mikopo ambayo riba yote huhesabiwa mwanzoni, na anayelipa mapema hapati nafuu yoyote mpaka mkopeshaji akubali. Kuna mingine ambayo mkopeshaji hapokei malipo ya sehemu ya deni la msingi. Hapo familia itenge fedha mahali salama mpaka zitimie zote, au iombe mkopo wa riba ndogo kwenye SACCOS ili ilifunge deni la riba kubwa. Kuhamisha deni kwa namna hiyo kuna faida kama la zamani limefungwa kwa maandishi na dhamana imerudishwa. Vinginevyo familia itajikuta na madeni mawili.

4. MFANO WA HESABU

Tuchukue familia ya mfano tu, si ya mtu yeyote tunayemjua. Mume ana ajira ya kipato kidogo na mke anauza mboga sokoni. Wanapanga vyumba viwili Chang'ombe na wanatamani kuhamia kwenye kiwanja chao Nala. Baada ya chakula, kodi na shule, wawili hao wakiunganisha fedha wanabakiwa na sh. 220,000 kwa mwezi. Madeni yao ni haya:

- "kausha damu": sh. 300,000, riba asilimia 20 kwa mwezi;
- mkopo wa kikundi: sh. 360,000, riba imekwisha kuhesabiwa ndani, marejesho sh. 60,000 kwa miezi 6;
- daftari la duka: sh. 90,000, halina riba;
- deni la kaka wa mume: sh. 250,000, halina riba.

Jumla ni sh. 1,000,000.

Njia ya kwanza ndiyo inayovutia zaidi. Wanalipa kikundi sh. 60,000, wanalipa riba tu ya "kausha damu" sh. 60,000, na sh. 100,000 iliyobaki wanaiweka akiba ya nyumba. Baada ya miezi 6 wana akiba ya sh. 600,000 na wanafurahi. Lakini deni la sh. 300,000 liko palepale ingawa wamekwisha kulipa riba ya sh. 360,000. Duka na kaka hawajalipwa. Wanadaiwa sh. 640,000. Kwa hiyo, wakitoa madeni kwenye akiba, wako chini ya sifuri kwa sh. 40,000.

Njia ya pili inaanza polepole. Wanalipa kikundi sh. 60,000, wanaweka akiba sh. 20,000, na sh. 140,000 yote inakwenda kwa "kausha damu", wakiwa wamekubaliana na mkopeshaji kuwa deni la msingi litapungua. Mwezi wa kwanza riba ni sh. 60,000, deni linashuka hadi sh. 220,000. Mwezi wa pili riba ni sh. 44,000, deni linabaki sh. 124,000. Mwezi wa tatu riba ni sh. 24,800, deni linabaki sh. 8,800. Mwezi wa nne wanalipa sh. 10,560 na kulifunga. Riba yote waliyolipa ni sh. 130,560.

Mwezi huohuo wa nne wanalipa duka sh. 90,000 na kumpa kaka sh. 39,440. Mwezi wa tano kaka anapata sh. 140,000, na mwezi wa sita anamaliziwa sh. 70,560. Kikundi nacho kimekwisha. Zinabaki sh. 69,440, zinaingia kwenye akiba. Baada ya miezi 6 hawadaiwi na mtu, na wana akiba ya sh. 189,440.

Tazama sasa kinachofuata. Kuanzia mwezi wa saba familia ya njia ya pili inaweka sh. 220,000 yote kila mwezi. Familia ya njia ya kwanza, hata baada ya kumaliza kikundi, inaweka sh. 160,000, maana sh. 60,000 bado inakwenda kwa mkopeshaji. Mwisho wa mwezi wa 18, ya pili ina sh. 2,829,440 bila deni. Ya kwanza ina sh. 2,520,000, lakini inadaiwa sh. 640,000, hivyo iliyo yake kweli ni sh. 1,880,000. Tofauti ni karibu sh. 950,000. Kila kikundi kifanye hesabu hii ubaoni kwa viwango vyake chenyewe, kwa sababu watu huamini hesabu waliyoifanya wao wenyewe.

5. HATUA YA TATU: AKIBA NDOGO ISIYOKATIKA

Mtu anaweza kuuliza: kama deni ni ghali hivyo, kwa nini tusiweke fedha zote huko na kuacha akiba kabisa? Jibu ni malaria, msiba na pancha ya baiskeli. Familia isiyo na akiba hata ya sh. 40,000, mtoto akiugua usiku, hurudi kwa mkopeshaji yuleyule. VICOBA vinalijua jambo hili. Mfumo wa vikundi vya akiba vya namna hii ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na ulienea Tanzania katika miaka ya 2000. Tangu mwanzo vikundi vyetu vimekuwa na mfuko wa jamii pembeni ya mfuko wa mikopo. Nyumba nayo inahitaji mfuko wake wa jamii.

Jambo la pili ni kwamba akiba ya pamoja ni shule. Sh. 20,000 kila mwezi haijengi nyumba, lakini inawafundisha mume na mke kuhesabu fedha pamoja, kushuhudiana na kutogusa bila kukubaliana. Deni litakapokwisha, watakuwa na mazoea ya miezi kadhaa, na sh. 220,000 itakuwa na pa kwenda.

Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Hekima hiyo iletwe nyumbani. Akiba ya wawili isishikwe na mmoja. Wanaweza kufungua akaunti ya pamoja yenye saini mbili, au kuweka hisa katika SACCOS kila mmoja kwa jina lake na vitabu vikae pamoja. Vikundi vinavyotumia M-Koba, huduma iliyoanza mwaka 2019, navyo huzuia mtu mmoja kutoa fedha peke yake. Kibubu cha chini ya kitanda ni kizuri kwa kuanzia, lakini hakina shahidi.

Kalenda ya nyanda za kati nayo izingatiwe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Januari hadi Machi ni miezi ya karo, palizi na chakula ghali. Mei hadi Agosti ni miezi ya mavuno: mtama, uwele, karanga na alizeti. Familia inayotegemea shamba isijipangie kiasi kilekile kila mwezi. Iweke kidogo wakati wa njaa, na iweke zaidi wakati wa mavuno kabla fedha hazijapata kazi nyingine. Vikundi navyo vifikirie siku ya mgao. Mgao wa Desemba huishia kwenye sikukuu. Ukisogezwa kidogo hadi siku za kulipa karo, huenda ukamwokoa mwanachama na mkopo wa Januari.

6. HATUA YA NNE: JINA LA NANI?

Akiba ya wawili ikinunua kiwanja kwa jina la mmoja, kazi yote ya pamoja inaweza kupotea siku ya kifo au ya ugomvi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, nayo inataka ridhaa hiyo kwa rehani ya nyumba ya ndoa. Lakini kiwanja kitupu bado si nyumba ya ndoa. Kinga ya kweli kwa wakati huo ni majina mawili kwenye karatasi. Sheria inaruhusu wanandoa wamiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki hubaki kwa aliye hai, au wamiliki kwa hisa, kila mmoja na sehemu yake.

Kabla ya kulipa, nendeni wote wawili ofisi ya ardhi ya Halmashauri mkaombe upekuzi rasmi wa kiwanja. Iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakahamia Halmashauri, kwa hiyo anayeuziwa kwa karatasi za zamani ahakikishe kumbukumbu zake huko. Barua ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa mauziano. Haithibitishi kuwa muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Malipo ya Serikali yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe yasipitie mkononi mwa dalali.

7. KUHAMA BILA DENI JIPYA

Familia nyingi hulipa madeni vizuri, zinaweka akiba vizuri, kisha zinakopa kwa haraka mwezi wa mwisho ili zihame na nyumba iliyokamilika. Tembe la Mgogo halikusubiri likamilike. Liliongezwa kadiri familia ilivyokua. Vyumba viwili vyenye paa, milango imara, choo na mpango wa maji vinatosha kuhamia. Dari, rangi na vigae vitalipwa na kodi ya pango ambayo sasa inabaki nyumbani.

Gharama za kuhama ziandikwe mapema: gari la mizigo, kufuli, ndoo na mapipa ya maji, maombi ya umeme na maji, na nauli mpya ya kwenda kazini, sokoni na shuleni. Nauli husahaulika sana. Anayehama Chang'ombe kwenda Nala anaokoa kodi, lakini apige hesabu ya nauli ya mwezi mzima kwa watu wote wa nyumbani. Wakati mzuri wa kufyatua tofali na kuhama ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Na tarehe ya kuhama ilinganishwe na mwisho wa kodi iliyolipwa, ili familia isilipie nyumba mbili.

8. WAJIBU WA KAMATI YA PAROKIA

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 5, tunasoma juu ya watu walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia aliwaita wakopeshaji mbele ya mkutano na kuwataka warudishe walichochukua. Kwetu sisi wa nchi ya zabibu na njaa za mara kwa mara, habari hiyo haiko mbali. Kamati isiishie kuwafundisha wadaiwa. Ijiangalie na yenyewe:

- Ahadi za ujenzi na mavuno zisisomwe kwa majina ya wasiolipa. Mwanachama aweze kuja kwa faragha na kuomba muda.
- Mchango wa harusi uwekewe kiwango ambacho muuza mboga anaweza kukitoa bila kukopa.
- Kama wapo viongozi wa parokia wanaokopesha kwa riba kubwa, waitwe na kuzungumza nao kwanza kwa siri.
- Wachaguliwe watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua hesabu na wanaotunza siri, wa kuwasaidia wanandoa kuandika daftari la madeni.
- Kikundi kisitoe mkopo mpya bila kuuliza madeni ya nje, na mkopaji aliye na ndoa ahimizwe aje na mwenzake.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikumbukwe kuwa haina riba, ila ni ya shughuli za uzalishaji za vikundi. Anayeitumia kulipia kiwanja anaiweka biashara ya wenzake hatarini.

9. NENO KWA WAFADHILI

Marafiki wetu wengi huguswa wanaposikia habari za vyombo kubebwa, na huuliza kama wanaweza kulipa deni la familia fulani. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini tunashauri tofauti. Deni likilipwa na mgeni, fedha huishia kwa mkopeshaji, riba yake inaonekana halali, na jirani aliyejinyima mwaka mzima kulipa la kwake huvunjika moyo. Msaada unaodumu ni wa vitu vidogo: masanduku ya kufuli tatu, madaftari, posho ya mwalimu wa hesabu wa kikundi, gharama za upekuzi wa viwanja na ushauri wa mwanasheria.

Tunawaomba pia mtupime kwa kipimo kingine. Idadi ya mikopo iliyotolewa ni rahisi kuandika kwenye ripoti, lakini mkopo ni mzigo mpaka urejeshwe. Tuulizeni ni familia ngapi zimefunga deni la riba kubwa na hazijarudi huko kwa miezi 12, na ni viwanja vingapi vimeandikwa majina ya mume na mke.

10. HITIMISHO

Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo huchukua muda. Kwa miezi ya mwanzo kitabu cha akiba kitakuwa na tarakimu ndogo, wakati jirani anayelipa riba tu ataonekana ana akiba kubwa. Wanandoa wasikate tamaa kwa kulinganisha. Waangalie daftari la madeni, walifute moja moja, na kila mwezi wasaini pamoja kwenye akiba yao, hata ikiwa ni sh. 5,000.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika mtaa wetu, ni madeni gani ambayo watu hawayaiti madeni?
2. Ni nini kinachomzuia mke au mume kumweleza mwenzake deni lake? Kamati ifanye nini?
3. Rudieni hesabu ya sehemu ya 4 mkitumia riba ya mkopo unaojulikana hapa kwetu. Mmepata nini?
4. Kikundi chetu hufanya mgao mwezi gani, na fedha hizo huishia wapi?
5. Ni michango ipi ya parokia inayowasukuma watu kukopa, na tutaibadilishaje kabla ya mavuno yajayo?